Bibi wa kam-wi-stei kwa bima ya kazini: HR aitishe nini?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeshughulikia wafanyakazi kwa kampuni iko Industrial Area hapa Nairobi. Nalifupisha: "Tuko wafanyakazi 140 na mwezi ujao tunaanza bima mpya ya hospitali ya kikundi. Wengi walioandika mke ama mume hawana cheti cha ndoa, ni kam-wi-stei, yaani wanaishi tu pamoja. Wenye kampuni wako Kanada, wametuma fomu inayosema watu wakiishi pamoja miezi 12 basi ni mume na mke. Bosi wangu hapa naye anasema bila cheti hakuna kitu. Na kuna kijana wa stoo, bibi yake ana mimba ya miezi saba na hawana karatasi yoyote. Nitajuaje nani anasema ukweli, na huyu kijana nimfanyie nini?"

Dada, shukrani kwa kuuliza sai, kabla kadi hazijatoka. Mimi nilikaa miaka mingi upande wa bima, dawati la wanachama, na hili swali lilikuwa linanifikia saa nane ya usiku kwa simu, mtu akiwa tayari amesimama risepsheni ya hospitali.

Kuna mama mmoja sijamsahau. Uchungu umeanza, ameegemea kaunta na kiwiko, mkono mwingine umeshika bahasha ya kaki yenye kitabu cha kliniki, na msichana wa risepsheni ananipigia kwa sababu kadi imekataa. Jina lake liko, picha yake iko, lakini kwa sistimu kuna maneno mawili: cheti kinasubiriwa. Kilikuwa kinasubiriwa miezi minne na hakuna mtu alikuwa amemwambia, si yeye si mumewe. Hospitali ikaitisha dipoziti na mimi bado niko kwa laini nasikia mumewe akipigia ndugu zake mmoja mmoja watume chochote kwa M-Pesa, hata mia tano. Pesa ilipatikana na mtoto akazaliwa salama, lakini niliona vile tulikuwa tumekosea, manake kampuni ilimwandika bila kumuuliza kitu halafu sisi tukakuja kumuuliza wakati hawezi kujibu. Kila kitu nitakuambia hapa kinatoka usiku huo. Uliza mapema, uliza kila mtu swali lilelile, na ukishakubali mtu kwa skimu basi amekubaliwa, asirudishwe nyuma akiwa mgonjwa.

Sasa tuanze na hiyo miezi 12. Hiyo si ya kubuni, huko Kanada iko kwa sheria ya kodi ya serikali kuu, watu wakiishi pamoja miezi 12 mfululizo wanahesabiwa kama wenzi. Lakini hata hukohuko ukienda mkoa wa Ontario kwa mambo ya matunzo baada ya watu kuachana, sheria inataka miaka 3, ama wawe na mtoto na uhusiano wa kudumu kiasi. Marekani nayo ni majimbo machache tu yanakubali ndoa ya aina hiyo, na Texas kwa mfano inaruhusu wawili waende kwa karani wa kaunti wajaze tangazo la ndoa yao isiyo rasmi. Kwa hivyo ile fomu ni ya kwao na inafanya kazi kwao. Hapa Kenya hakuna idadi ya miezi inayomgeuza mtu kuwa bibi. Watu huambiana ati ni miezi sita, wengine wanasema miaka miwili, hebu niamini, hakuna sheria yetu inasema hivyo.

Kile tunacho ni Sheria ya Ndoa ya 2014, ambayo inatambua ndoa aina tano: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kuishi pamoja kumetajwa mle ndani na hata kukapewa maana, lakini hakukuwekwa kwa hiyo orodha. Kinachobaki ni mahakama. Tangu zamani majaji wetu wamekuwa wakisema watu wakikaa sana kama mume na mke, inaweza kudhaniwa wameoana, na kesi inayotajwa kila mara ni ya Hortensiah Wanjiku Yawe ya 1976, mama aliyekuwa ameishi na mwenzake miaka 9 hapa Nairobi wakazaa watoto 4, mzee akafa na ikabidi aonyeshe kwamba alikuwa bibi yake. Lakini tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya MNK na POM ikakaza hiyo njia sana. Ikasema hii dhana iko karibu kufa na itumike mara chache. Wawe wameishi pamoja muda mrefu, wawe wana haki ya kuoana, wawe walitaka kuoana na walikubaliana hivyo, wawe wakijionyesha kwa watu kama mume na mke, na mzigo wa kuthibitisha ni wa yule anayedai. Na kwa hiyo kesi yenyewe ndoa haikupatikana, kwa sababu mama alikuwa bado na ndoa nyingine ambayo haikuwa imevunjwa. Nyumba iliyokuwa inagombaniwa iligawanywa, 70 kwa 100 kwa mama na 30 kwa mwanamume, lakini kwa msingi wa nani alichangia nini, si kwa msingi wa ndoa.

Nimeieleza ndefu kwa sababu nataka uone kitu kimoja, na ukiishika hiki utalala vizuri. Kusema nani ameoa nani ni kazi ya msajili na ya jaji. Kazi yako wewe ni ndogo kuliko hiyo, unaamua tu nani anaingia kwa kava. Bima ni mkataba, na maana ya mke ama mume kwa hiyo kava iko ndani ya mkataba wenyewe, kwa ile kurasa ya maana za maneno ambayo watu wengi huruka. Kwa hivyo kabla hujaitisha mtu karatasi yoyote, piga simu kwa wakala wenu, mwambie akutumie hiyo sehemu. Ikiwa imeandikwa "mke halali" na basi, mwambie bima waandike barua ama waongeze kifungu kwa mkataba kinachosema wazi watakubali nini kwa mtu asiye na cheti, nani anaamua, na ndani ya siku ngapi. Skimu ya watu 140 ni biashara nzuri kwao, wataandika, lakini wataandika kwa urahisi zaidi kama hamjalipa bado. Ukingoja pesa ziende ndio uulize, utajibiwa polepole.

Kuhusu bosi wako na msimamo wake wa cheti. Naelewa anatafuta usafi, cheti ni karatasi moja, unatoa kopi unaweka faili, umemaliza. Shida ni kwamba unaacha nje watu ambao wameoana kuliko wote. Ndoa za kimila zilianza kusajiliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2017, kabla ya hapo mtu alipeleka mahari, wazee wakakula na wakabariki, na hapakuwa na mahali pa kuchukua cheti hata angetaka. Una mfanyakazi wa miaka hamsini hapo kwa mashine, amekaa na bibi yake tangu akiwa kijana, wamelea watoto mpaka wakamaliza shule, huyo umwambie hana bibi? Halafu umkubali aliyepeleka notisi ya siku 21 kwa msajili akafunga ndoa mwezi uliopita, na huyo pia hana kosa, ana haki yake. Katiba yetu kifungu cha 27 kimetaja hali ya ndoa kati ya mambo ambayo hutakiwi kubagua mtu kwayo, kwa hivyo kampuni ikichora laini iwe laini ambayo inaweza kuieleza mbele ya mtu yeyote.

Na laini ninayokushauri ni hii. Uliza kila mtu, pamoja na wenye vyeti. Ukiwabana wa kam-wi-stei peke yao watajua umewaweka upande mwingine na maneno yataanza kwa kantini, tena mwenye cheti naye anaweza kuwa aliachana na huyo wa kwa cheti kitambo na sai anaishi na mwingine Kayole. Wote wajaze tangazo moja fupi. Mwenye cheti aweke kopi. Asiye nacho aweke ushahidi wa maisha.

Ushahidi wa maisha ni nini? Mimi huangalia kitu kimoja kwanza, tarehe. Karatasi iliyotengenezwa kabla bima haijatajwa ina uzito kuliko karatasi kumi zilizotengenezwa wiki hii. Mtu akiwa anaishi na mwenzake kweli anaacha alama kila mahali bila kujua. Kitabu cha kliniki cha mtoto mkubwa, chenye jina la baba na namba yake ya simu kwa mwandiko wa nesi. Fomu ya shule. Fomu ya chama ama ya SACCO, pale mtu aliandika nani apewe pesa akifa, na hiyo mimi huiheshimu sana kwa sababu mtu haandiki hapo jina la kuchezea. Mkataba wa nyumba wenye majina mawili, na kama hakuna mkataba, maana nyumba nyingi za Pipeline na Githurai hazina, basi stetimenti ya M-Pesa inayoonyesha rent ikitoka kwa simu ya huyu mwezi huu na simu ya yule mwezi ujao kwenda kwa keateka mmoja. Kadi ya bima ya kazi aliyotoka. Usiitishe vyote. Vitu viwili ama vitatu vya sehemu tofauti, angalau kimoja kiwe na zaidi ya mwaka, vinatosha, na hapo hata wale wenu wa Kanada utawaridhisha.

Kuna karatasi moja ambayo watu wa HR huidharau na mimi nawaomba wasiidharau, nayo ni daftari ya mahari. Nimeshika kadhaa. Ya mwisho ilikuwa daftari ya shule ya mistari, kona zimejikunja, wino wa bluu umeanza kufifia, imeandikwa mbuzi wangapi wameletwa na wangapi wamebaki, blanketi za akina mama, pesa iliyotolewa na salio, na chini kuna sahihi za wazee, mmoja hakujua kuandika akaweka kidole gumba. Tarehe iko juu. Hakuna mtu alikuwa anafikiria bima siku hiyo! Iwe ruracio ya Wakikuyu, iwe ntheo ya Wakamba, iwe ayie ya Wajaluo, hiyo kurasa ni ushahidi mkubwa, na inafungua mlango mwingine pia, kwa sababu sheria inakubali mahari ya kuonyesha tu, si lazima iishe yote, na ili ndoa ya kimila isajiliwe wanatakiwa mashahidi wawili watu wazima waliokuwa na kazi muhimu kwa hiyo sherehe, na majina yao mara nyingi yako hapohapo chini. Notisi inatakiwa kwa msajili ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika, na kuna watu wengi mno ambao muda huo uliwapita bila kujua. Hao waambie waende ofisi ya msajili wa ndoa hapo Sheria House waulizie hali yao, na maombi yanaanzia eCitizen. Mpe mtu nusu siku ya ruhusa ya kwenda, kampuni haitaanguka.

Barua ya chifu, mnaipenda sana nyinyi wa ofisini. Kijijini ina maana, chifu anajua boma. Nairobi chifu wa eneo lenye gorofa zimejaa watu hawezi kuwajua wote, anauliza mzee wa nyumba kumi, mzee anauliza keateka, na keateka anakumbuka tu nani hulipa. Ipokee kama nyongeza, isiwe ndio kila kitu.

Afidaviti sasa. Ni kiapo, ni maneno ya mtu mwenyewe, haithibitishi kwamba jambo ni kweli, lakini inamfunga aliyeapa, na kuapa uongo ni kosa la jinai. Ndio maana mimi huitaka kwa kila asiye na cheti, lakini si ile ya kutolewa saiba imebadilishwa jina tu. Waape wote wawili mbele ya kamishna wa viapo. Waandike walianza kuishi pamoja lini na wapi, watoto wao kama wako, kwamba hakuna kati yao aliye na ndoa nyingine inayomzuia, kwamba wanajichukua na wanajulikana na familia kama mume na mke, na kwamba wakiachana watajulisha ofisi ndani ya siku 30. Hicho cha ndoa nyingine usikiache, ndicho kilimwangusha mtu mbele ya Mahakama ya Juu. Mwanamume aliyefunga ndoa kanisani ama kwa serikali hana nafasi ya bibi wa pili kisheria mpaka ya kwanza ivunjwe, kwa hivyo hata akileta daftari na mapicha usimwandikie huyo wa pili kama mke. Ndoa ya kimila na ya Kiislamu zinaruhusu zaidi ya mmoja, hapo swali linakuwa la mkataba wa bima, ni M+ ngapi, yaani mwanachama pamoja na watu wake wangapi, na kama inakubali mke mmoja ama zaidi, na mfanyakazi achague mwenyewe kwa maandishi, wewe usimchagulie.

Na kabla hawajaapa, tafadhali, wakalishe chini uwaambie kitu ambacho karibu hakuna HR huwaambia. Hii karatasi haibaki kwa faili yako. Siku watu wakikosana, ama mmoja akifa na ndugu wakaja kugombania shamba, wakili anaweza kuitafuta hiyo afidaviti na hiyo kadi aonyeshe kwamba huyu alikuwa anamtangaza huyu kama bibi yake. Haiwi ndoa kwa hiyo karatasi peke yake, lakini inahesabika. Kuna vijana huandika girlfriend kama bibi ili tu atibiwe meno, hawajui wanaandika nini, na kuna wanawake wamekaa miaka kumi bila karatasi na hii ndiyo ya kwanza kuwahi kubeba jina lao. Wote wawili wana haki ya kujua wanaweka sahihi kwa nini.

Uongo upo, siwezi kukudanganya. Niliouona zaidi ni dada ama binamu mwenye mimba anaandikwa kama bibi kwa sababu mambo ya kujifungua ni ghali, na ule mwingine wa mtu kubadilisha bibi kila skimu ikianza upya. Wa kwanza hushikwa na tarehe, karatasi zote ni za mwezi mmoja. Wa pili unaumaliza kwa sheria ndogo, kwamba ukimtoa mwenzi huwezi kuweka mwingine mpaka mwaka wa bima uishe, isipokuwa kifo ama talaka yenye karatasi. Lakini usigeuke mpelelezi. Usitume mtu Rongai kuangalia nguo ngapi za kiume ziko kwa kamba, usiulize mambo ya kitanda, usipigie majirani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeweka hali ya ndoa na majina ya mke, mume na watoto kwa kundi la data nyeti, kwa hivyo hizo kopi ziwe kwa kabati lenye kufuli, asili zirudishwe siku hiyohiyo, na usikubali zitumwe kwa grupu ya WhatsApp ya ofisi ati ndio zifike haraka. Nimeona daftari ya mahari ya mtu ikizunguka kwa simu za wenzake, wakihesabu mbuzi, na yule mzee akaacha kuja kantini.

Watoto usiwachanganye na hii maneno. Mtoto anaingia kwa cheti chake cha kuzaliwa. Katiba kifungu cha 53 inasema wazazi wana wajibu sawa wawe wameoana ama hawajaoana, na tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2016 jina la baba linaweza kuingia kwa cheti hata kama hakuna ndoa. Nimekutana na ofisi zinazoacha watoto nje mpaka mambo ya mama yao yaeleweke. Hapana. Watoto waandikwe leo.

Na SHA, ile bima ya afya ya serikali, ni kitu tofauti na hii yenu, ile 2.75 kwa 100 ya mshahara inaendelea kukatwa hata mkiwa na bima ya kampuni, kwa hivyo kila mtu ahakikishe amejisajili kwa *147# na bibi yake yuko, mapema, asingoje ugonjwa.

Sasa huyu kijana wako wa stoo. Anasema hana karatasi yoyote, lakini mtu huyo ana karatasi, hajui tu kama ni karatasi. Mwite wewe mwenyewe, usimtume mtu, na umwambie aje na kitabu cha kliniki cha bibi. Fungua ile kurasa ya kwanza, angalia nani ameandikwa wa kupigiwa simu na kliniki ilianza lini. Muulize rent inatoka kwa simu gani. Muulize kama alipeleka chochote kwao, hata kama ni sukari na lesso, na nani alikuwepo, na kama wazazi wa msichana wanaweza kuandika barua fupi ya kusema wanamjua. Wikendi wakaape afidaviti wote wawili. Jumatatu tuma kila kitu kwa wakala na uitishe jibu la maandishi linalotaja jina la bibi na kujifungua, kama kuna muda wa kungoja ama hakuna, uwe nalo kabla tarehe ya kuanza. Bima wakikataa, bora kijana akataliwe sai, akiwa na miezi miwili ya kuangalia SHA na kuweka akiba, kuliko akataliwe usiku wa uchungu. Wakikubali, chapisha hilo jibu kopi mbili, moja kwa faili, na nyingine umpe akaiweke ndani ya ile bahasha ya kliniki, pamoja na kitabu.